Kilichotumika Si Kibovu

Katika mazungumzo yetu ya wiki hii nataka tuliangalie neno moja ambalo limekuwa ngao ya wauzaji wengi na kitanzi cha wanunuzi wengi. Neno lenyewe ni "mtumba". Mtu akilalamika kwamba simu aliyonunua haishiki chaji, au friji aliyoletewa haigandishi, jibu analopewa ni moja: "Dada, huo ni mtumba, ulitaraji nini?" Na mlalamishi, kwa kuwa anajua ni kweli alinunua mtumba, hunywea, akabeba hasara yake akaenda nayo nyumbani.

Mimi nasema jibu hilo si jibu. Kilichotumika ni kimoja, na kilichoharibika ni kingine. Shati la mtumba kutoka Gikomba au Kongowea huwa limefifia rangi kidogo, na mnunuzi amelikubali hilo, ndiyo maana akalipa bei ndogo. Lakini ikiwa limechanika mgongoni na mpasuko ukafichwa kwa kukunjwa vizuri, hilo hakulikubali, kwa sababu hakuonyeshwa. Uchakavu umekwisha kuhesabiwa katika bei. Ubovu uliofichwa haukuhesabiwa.

Zamani ugomvi wa namna hii ulikuwa mchache kwa sababu mnunuzi alikuwa na mikono yake. Uliligeuza shati, ukatazama kwapani, ukaichomeka redio kwenye umeme ukasikiliza. Siku hizi soko limeingia ndani ya simu. Unaona picha tatu kwenye Facebook au kwenye kundi la WhatsApp, unatuma pesa kwa M-Pesa, na mzigo unapakiwa basi Nairobi kuja Mombasa, safari ya kilomita karibu 480. Wazee wetu walituonya tusinunue mbuzi ndani ya gunia. Huyu ndiye mbuzi wenyewe, na gunia linasafiri usiku kucha.

Mama mmoja wa Likoni aliniletea malalamiko yake hapa kituoni. Anauza maji ya ukwaju na barafu kwa watoto wa shule. Alichukua mkopo katika chama chao cha akina mama, akanunua friji iliyotumika kutoka kwa muuzaji wa Nairobi aliyemwona mtandaoni. Bei ilikuwa shilingi 18,000, na nauli ya mzigo shilingi 1,500. Friji ilipofika Mwembe Tayari, alitia sahihi kwenye daftari la kampuni ya basi, akatafuta mkokoteni, akavuka nayo feri. Nyumbani alipoondoa maboksi aliyofungiwa, akakuta ubavu umebonyea. Akaiacha isimame hadi kesho yake, kama mafundi wanavyoshauri friji ikitoka safarini, ndipo akaiwasha. Taa ikawaka, injini ikanguruma, lakini maji hayakupoa, sembuse kuganda.

Nilizungumza na pande zote tatu. Muuzaji aliniambia, "Ndugu mtangazaji, friji iliondoka kwangu ikiwa nzima. Nilimtumia mama video ikifanya kazi." Karani wa basi akasema wao walipokea mzigo uliofungwa, hawajui cha ndani, na nyuma ya risiti imeandikwa kwamba hawawajibiki kwa vitu vinavyovunjika. Naye mama akashikilia kwamba ameuziwa sanduku la bati. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya kweli mkononi, na kila mmoja aliifanya sehemu yake kuwa kweli nzima.

Tukamwita fundi wa mtaani asiyemjua yeyote kati yao. Alitazama ule ubavu uliobonyea akasema hilo ni jipya: rangi imebanduka, bati lang'aa, hakuna kutu wala vumbi. Hilo lilitokea njiani. Kisha akaigeuza friji. Nyuma yake, kwenye bomba la gesi, akaonyesha kiraka cha gundi kilichoshikana na vumbi la siku nyingi. Gesi ilikuwa imevuja, na uvujaji huo ulianza kabla friji haijaona basi. Tukaitazama tena ile video ya muuzaji. Ilionyesha taa inawaka na sauti ya injini. Haikuonyesha barafu hata kidogo. Wasikilizaji, taa ya friji huwaka hata kama gesi imekwisha yote. Kuwaka si kupoza.

Hapo ugomvi uliokuwa mmoja ukagawika kuwa miwili, na kila mmoja ukapata mwenyewe. Muuzaji alikubali kurudisha shilingi 5,500, gharama ya kuziba bomba na kutia gesi. Ubavu uliobonyea ulibaki kuwa hasara ya mama, kwa sababu alitia sahihi Mwembe Tayari bila kufungua, na kampuni ya basi ilikataa kata kata. Nazo wiki mbili za joto la kaskazi alizokaa bila kuuza barafu, huku chama kikidai, hakuna aliyemlipa. Sisemi kwamba haki yote ilitendeka. Nasema ilipatikana pale tulipoacha kuuliza "nani mwongo?" tukauliza "kila kasoro ilianzia wapi?"

Je, sheria inasemaje? Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, imefuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Yaani iliandikwa kabla ya simu za mkononi, lakini swali hili inalijibu. Inasema kwamba kitu kikiuzwa kwa maelezo, sharti kilingane na maelezo hayo. Mtu aliyenunua mtandaoni, ambaye hakukiona kitu, amenunua kwa maelezo. Muuzaji akiandika "inafanya kazi vizuri", hayo si maneno ya kupamba biashara, ni ahadi. Na ahadi ni deni. Isitoshe, ikiwa muuzaji ni mfanyabiashara wa vitu vya aina hiyo, kitu chenyewe hakina budi kuwa cha hali inayofaa kuuzwa. Jirani anayeuza friji yake moja kwa sababu anahama nyumba habanwi na sharti hilo la pili, ila la kwanza linambana.

Kuhusu safari, sheria hiyo inasema kwamba muuzaji aliyeruhusiwa kutuma mzigo akiukabidhi kwa msafirishaji, kwa kawaida huhesabiwa amekwisha kumkabidhi mnunuzi. Wauzaji hulipenda sana fungu hilo. Lakini linaendelea: ni lazima muuzaji afanye mapatano ya usafiri yanayofaa kwa aina ya mzigo. Akitupa kioo ndani ya basi bila kukifunga, kikavunjika, mnunuzi anaweza kukataa kwamba amekabidhiwa. Pia mnunuzi ana haki ya kupewa nafasi ya kukikagua kitu kabla ya kuhesabiwa amekipokea. Lakini ukikaa nacho muda mrefu kimya, ukikitumia, sheria itasema umeridhika.

Wako pia wanaobandika tangazo: "Mali ikiuzwa hairudi." Kwa mfanyabiashara, tangazo hilo halifuti haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Nayo Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni hila kudai kwamba bidhaa ni ya ubora au daraja fulani ilhali sivyo, na inasema haki zilizomo haziondolewi kwa mapatano ya pembeni.

Lakini sheria bila ushahidi ni kama jahazi bila tanga. Kwa hiyo nina maneno machache kwa mnunuzi. Kabla ya kutuma pesa, uliza kwa maandishi: kina kasoro gani? Kuuliza si ujinga. Omba kuonyeshwa kazi yenyewe na si taa: friji ionyeshe barafu, pasi ionyeshe mvuke, kompyuta iwashwe ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Patana tangu mwanzo kuhusu safari: kikivunjika njiani, hasara ni ya nani? Mzigo ukifika, ufungue mbele ya karani, na ukiona kasoro iandikwe kwenye daftari kabla hujatia sahihi. Piga picha ungali umefungwa, na unapofunguliwa. Ukiona ubovu, mjulishe muuzaji siku hiyo hiyo, usikitumie, wala usimwite fundi akaanza kufungua skrubu kabla hujapiga picha. Usifute ujumbe hata mmoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la siku hizi ni simu.

Jambo jingine ni hasira. Wengi wakishaona wamedhulumiwa hukimbilia kumwanika muuzaji mtandaoni, jina na picha. Naelewa uchungu huo. Lakini muuzaji ambaye hajaanikwa bado ana kitu cha kulinda, na hicho ndicho kinachomfanya akulipe. Ukimaliza kumwanika, umemaliza silaha yako. Anza kwa kudai kitu kinachohesabika: gharama ya fundi, au kubadilishiwa, au kurudishiwa pesa ukirudisha kitu. Mpe siku maalumu ya kujibu. Wala usitumie njia ya mkato ya kuiambia M-Pesa kwamba ulikosea nambari. Huduma ile imewekwa kwa aliyekosea kweli, na kusema uongo kutakuharibia hata ile haki uliyokuwa nayo.

Muuzaji akikaidi, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi nchini mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na kesi inatakiwa iishe katika siku 60. Friji ya shilingi 18,000 haikuwa na pa kwenda zamani. Wakili peke yake angeimeza. Sasa ina pa kwenda. Ila kumbuka, huwezi kumshtaki mtu usiyemjua. Kabla ya kulipa, jua jina la muuzaji na mahali anapopatikana.

Na wewe muuzaji, usidhani nimekuja kukushambulia. Najua wako wanunuzi wanaokaa na kitu mwezi mzima, wakakivunja wenyewe, kisha wakadai kilikuja hivyo. Kinga yako ni ile ile: taja kila kasoro kwa maandishi na uionyeshe katika picha, na upige picha mzigo unapofungwa. Kasoro uliyoitaja kabla ya kulipwa haiwezi kukugeukia. Uliyoificha itakufuata, mficha maradhi, kifo humuumbua. Andika "ubavu umekwaruzika, mlango wa juu haufungi vizuri" na upunguze bei kidogo. Utauza pole pole kuliko mwenzako, lakini hutapigiwa simu za matusi usiku, na mnunuzi wako atakuletea mwingine.

Wapenzi wasikilizaji, watu wetu wengi wamesomesha watoto, wamefungua vibanda na kupika chakula kwa vitu vilivyotumika na wengine. Hakuna aibu katika kununua mtumba. Aibu ni kulichukua neno hilo likawa ruhusa ya kumuuzia maskini kitu kilichokufa, kwa sababu tu hana pesa za kununua kipya. Mwenye shilingi 18,000 za mkopo ana haki ya kupata friji inayogandisha, kama vile mwenye shilingi 80,000 alivyo na haki hiyo dukani.

Kwa leo tukomee hapo. Panapo majaliwa tukutane tena wiki ijayo. Kwaherini.