DAFTARI LA STESHENI NA KAZI ZA KAUNTI

(Maneno ya mwanachama wetu wa reli katika mkutano wa wafanyakazi, Ngoliba)

Katibu aliniomba niseme juu ya mitambo mipya katika ofisi za serikali yetu ya hapa. Mimi si fundi wa kompyuta. Nilisoma shule ya misheni, nikaishia darasa la nane, nikaingia reli. Basi nitaanza na reli.

Stesheni huwa na daftari la treni. Treni ikiingia, saa yake huandikwa. Ikitoka, huandikwa tena. Ikichelewa dakika ishirini, lazima sababu iandikwe: ni injini, ni njia, au ni mtu. Reli ilifika Thika mwaka 1913, kompyuta haijazaliwa, na karani mwenye kalamu ya wino aliweza kumwambia mkubwa wake dakika zimepotelea wapi. Kuchelewa kulikuwa na mwenyewe.

Sasa tazameni mambo yetu. Mwaka 2013 halmashauri za zamani zilikwisha, zikaja serikali za kaunti 47, na wadi yetu ya Ngoliba ikawa chini ya Kaunti ya Kiambu. Zahanati, masoko, maji, barabara za kaunti, shule za chekechea, yote hayo Katiba ya 2010 imeyatia mikononi mwa kaunti.

Zamani kidogo mke wangu aliomba leseni ya kibanda katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Fedha tulilipa kwa simu. Ujumbe ukarudi papo hapo: siku, saa, dakika, mpaka shilingi ya mwisho. Nikafurahi, nikasema serikali imeamka. Leseni yenyewe ikaja baada ya wiki saba. Nilikwenda mara nne kwa nauli yangu, na kila mara naambiwa mtambo umelala. (Siku ya kupokea fedha haukulala.) Nikamwuliza karani: ombi letu liko kwa nani? Hakujua, wala si kosa lake, maana hapakuandikwa popote.

Neno langu ni hilo. Mtambo ukihesabu fedha za raia, na uhesabu pia siku zake za kungoja, na jina la aliyemngojesha.

Wala si ndoto yangu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 47, inaamuru kaunti iwe na mpango wa kupima kazi, wenye vipimo vya kuhesabika na vyenye muda wake. Raia washirikishwe katika kupima. Gavana apeleke ripoti za kila mwaka katika Bunge la Kaunti. Na karatasi hizo ni za watu wote kusoma. Nani hapa amepata kuiona moja? Mimi sijaiona. Sisemi haipo. Nasema sisi hatujaiuliza.

Najua wengine mnanung'unika, na mna haki. Mikataba ya kupima kazi ilianza serikalini mwaka 2004, na mashirika 16 ya umma, na tangu hapo mfanyakazi wa chini akisikia "kupimwa" huona fimbo. Muuguzi asiye na dawa atapimwaje? Mfagiaji wa soko asiye na toroli? Lakini katika reli dereva haandikiwi dakika za injini mbovu; dakika hizo ni za karakana. Dawa zisipofika, siku hizo aandikiwe aliyepaswa kuzileta, hata kama ana kiti cha kuzunguka. Na chama kiwepo mezani vipimo vinapopangwa, kwa sababu karani akipimwa kwa idadi ya maombi aliyoyafunga, atayafunga bila kuyajibu.

Tena, daftari lisilosomwa na mkubwa huharibika. Karani akijua hakuna atakayelifungua, ataandika "dakika tano, dakika tano" mpaka mwisho wa mwezi. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mkubwa akipigwa picha anafungua mashini mpya, mpigieni makofi, halafu mwulizeni Jumatatu asubuhi anasoma nini ndani yake.

Sasa kazi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia ruhusa ya kuomba habari kwa barua, kwa Kiswahili hiki hiki chetu. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikiwa na sababu huongezewa mara moja tu, siku zisizozidi 14. Kuomba hakuna ada, ila gharama ya kunakili karatasi. Wakikataa, tutapeleka shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Barua yetu ya kuomba mpango huo na ripoti ya mwaka uliopita imekwisha pigwa chapa, iko kwa Katibu. Anayetaka kutia sahihi aje na kitambulisho kabla ya Jumamosi. Itapelekwa kwa mkono, na nakala yetu igongwe muhuri wenye tarehe, tupate kuhesabu.