MAJENGO GANI?
Mazungumzo na viongozi wa jumuiya, wazee wa mitaa na wahudumu wa afya wa kujitolea wa Thika na Ruiru

Tunajua wengine mmefunga vibanda ndio mje, kwa hiyo hatutazunguka sana. Leo tunataka kuzungumza juu ya majina ya mahali. Msicheke. Tumesikia huko nyuma mtu akisema alidhani ni semina ya mikopo.

Katika kazi yetu ya ustawi wa jamii, swali la kwanza tunalomuuliza kila mtu ni hili: unakaa wapi? Na jibu mara nyingi ni neno moja tu. Makongeni. Kiganjo. Majengo. Mwiki. Anayejibu anapajua kwao vizuri sana, hata shimo la barabarani analijua. Lakini sisi tunaosikia bado hatujaambiwa kitu, kwa sababu majina hayo si ya mahali pamoja.

Tuanze na Makongeni. Wa Thika wanajua ni hapa, na fezi zake zote. Lakini Nairobi pia kuna Makongeni, ile ya nyumba za zamani za reli, na ni wadi katika eneo bunge la Makadara. Kiganjo je? Ukiitaja Kiganjo mbele ya mtu wa Nyeri, au mbele ya askari yeyote wa Kenya, atafikiria chuo cha polisi. Sisi tuna Kiganjo yetu hapa Thika. Na ukipanda kule Gatundu Kusini, kuna wadi nzima inayoitwa Kiganjo. Wanaojua Gikuyu wataelewa sababu: kiganjo ni mahali palipokuwa na boma, watu wakahama, pakabaki mahame. Sasa niambieni, ni wapi katika nchi hii watu hawajahama? Jina kama hilo lazima lizaliwe mahali pengi.

Majengo ndiyo kubwa kuliko yote. Kuna Majengo ya Thika. Kuna ya Nairobi, pale Pumwani, mtaa ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kuna ya Mombasa, kuna ya Nanyuki, na ukivuka mpaka utaikuta Moshi na utaikuta Dodoma. Watu walifika, wakajenga nyumba nyingi pamoja, mahali pakaitwa majengo. Hakuna aliyekaa chini kuuliza kama jina limeshachukuliwa na wengine.

Hapo mtu atasema, basi kuna ubaya gani? Tuwaambie habari ya mtoto mmoja. Ni miaka kadhaa sasa. Mtoto wa kiume, kama miaka sita hivi, alipatikana jioni steji ya Thika. Makanga mmoja mwenye roho nzuri ndiye aliona kwamba huyu hana mtu. Akaulizwa kwao ni wapi, akasema Majengo. Kila mtu akafurahi, kwani Majengo si hapo tu? Akapelekwa, akazungushwa nyumba kwa nyumba mpaka usiku, hakuna aliyemjua. Wengine wakaanza kusema ati anadanganya, ati ametoroka kwao, achapwe kidogo aseme ukweli. Na maskini, ukweli alikuwa ameshausema.

Asubuhi, baada ya kuandikishwa polisi, aliletwa kwetu. Hatukumuuliza tena jina la mtaa. Tulimpa chai na mkate, tukamwacha anywe, kisha tukamuuliza: ukitoka nje asubuhi unaona nini? Akasema, mlima. Mlima wa namna gani? Uko na nyeupe juu. Sasa mlima huo hata sisi wa Thika tunauona siku ya anga safi, lakini kwa mbali. Yeye alifungua mikono yote miwili kutuonyesha ukubwa wake. Tukauliza, na karibu na kwenu kuna nani? Akasema, wanajeshi wengi. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kwa shida zake mwenyewe akageuka akasema, huyu ni wa Nanyuki. Simu ikapigwa kwa chifu kule, na kumbe nyumbani walikuwa wanatafuta kila mtaro. Alikuwa ameingia matatu nyuma ya familia nyingine, makanga akadhani ni mtoto wao, akaletwa kama kilomita 150 bila kuulizwa.

Tusidhani ni sisi peke yetu. Kuna wafanyabiashara wetu wa nguo wanaokwenda Istanbul kuchukua mali, watatushuhudia. Huko Uturuki vijiji vinavyoitwa Yeniköy ni vingi, na maana yake ni kijiji kipya tu. Hata ndani ya Istanbul yenyewe kuna Yeniköy. Milima inayoitwa Akdağ, yaani mlima mweupe, iko zaidi ya mmoja. Kuna mto unaoitwa Karasu na kuna mji unaoitwa Karasu pia, mbali na mto huo, na maana yake ni maji meusi. Sasa hapo watu wa Ruiru wachangamke kidogo, kwa sababu kwa Gikuyu ukisema rui ruiru umesema mto mweusi. Mturuki na Mkikuyu hawakukutana kupanga. Kila mmoja aliangalia kilichokuwa mbele yake akakiita hivyo.

Haya, turudi Ruiru. Mji huu umejaa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata zaidi ya watu 490,000 hapa, na Thika zaidi ya 250,000. Wengi wetu tumekuja kutoka kwingine, kwa hiyo jirani hakujui, na mzee wa mtaa ana kazi ya kukumbuka sura mpya kila mwezi. Katika hali hiyo, jina la mtaa ndilo linakuwa kitambulisho chako.

Na hapo ndipo Mwiki inatusumbua. Kuna wadi ya Mwiki katika eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Kuna wadi ya Mwiki katika eneo bunge la Kasarani, Kaunti ya Nairobi. Jina ni moja, si mbali sana, lakini serikali za kaunti ni mbili, na pesa za basari ni mafungu mawili. Mama mmoja wa upande wetu aliandikia msichana wake wa kidato cha pili fomu ya basari, akaijaza vizuri, akapeleka barua ya shule, na penye makao akaandika Mwiki. Basi. Fomu ikapelekwa upande wa Nairobi. Ofisi hatutaitaja. Ilipojulikana kwamba huyu si wa huko, tarehe ya mwisho ya upande wa Kiambu ilikuwa imepita. Msichana alikaa nyumbani wiki tatu za muhula mpaka majirani wakachanga. Alirudi, lakini wiki tatu za hesabu na kemia hakuna anayezilipa.

Msifikiri wenye ofisi wametusaidia sana kwa majina. Thika mjini kuna wadi inayoitwa Township. Kiambu mjini nako kuna wadi inayoitwa Township, na zote ni za Kaunti moja ya Kiambu! Thika tena kuna wadi ya Hospital, kwa hiyo mtu anasema anatoka Hospital na unamwambia pole, kumbe ni mzima kabisa. Ruiru kuna wadi ya Biashara, na Naivasha pia wana yao.

Kwa maoni yetu, wanaojua kutenganisha majina vizuri ni watu wa matatu. Angalieni Githurai. Jina moja, pande mbili za barabara kuu, moja Nairobi na nyingine kwetu. Hakuna kamati iliyoitwa. Watu walichukua namba za basi, 44 na 45, wakazibandika kwa jina, na leo hata mtoto mdogo hakosei. Kahawa vilevile: Kahawa West iko Nairobi, na Kahawa Sukari na Kahawa Wendani ziko Ruiru. Jina la kwanza ni la wote, jina la pili ndilo linakufikisha mlangoni.

Kuna jambo lingine tunaliona zito zaidi, nalo ni majina ya vitu vikubwa: mabwawa, mito, shule. Bwawa la Thika haliko Thika. Ndilo lile la Ndakaini, liko Gatanga, Kaunti ya Murang'a, na lilikamilika mwaka 1994 kupeleka maji Nairobi. Bwawa la Ruiru nalo haliko Ruiru mjini, liko kule juu upande wa Githunguri. Mto Chania unapita hapa Thika penye maporomoko karibu na hoteli ya Blue Posts, lakini kuna Chania nyingine inayotoka Nyandarua na kupita Nyeri, nayo ina maporomoko yake. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, redio zilikuwa zikitaja mito na mabwawa kila siku. Anayekaa bondeni akisikia Chania imefurika, anahitaji kujua ni Chania ipi kabla ya kubeba watoto, au kabla ya kulala akidhani ni ya wengine. Hilo la pili ndilo tunaliogopa. Wahudumu wa afya, mkipokea habari kama hiyo kwa simu, msiitume mbele kabla ya kuuliza ni kaunti gani.

Shule ya Mang'u ni mfano wa jina linalosafiri. Ilianza Kabaa, Machakos, mwaka 1925, ikahamishiwa Mang'u, halafu ikahamia ilipo sasa karibu na Thika, na jina la Mang'u ikalibeba. Kwa hiyo mzazi mgeni akielekezwa wadi ya Mang'u, Gatundu Kaskazini, amepotea, ingawa aliyemwelekeza hajasema uongo. Na Juja Road, kama mnavyojua, iko Nairobi.

Tupite haraka kwa vitambulisho vya zamani. Wilaya ya Thika iliyoundwa miaka ya 1990 ilichukua sehemu za Kiambu na za Murang'a, mpaka Gatanga na Kakuzi. Mzee akileta kitambulisho kilichoandikwa Thika, msimalizie hapo. Huenda hajawahi kulala mjini Thika hata usiku mmoja. Na eneo bunge la zamani la Juja lilikuwa na Thika na Ruiru ndani yake, mpaka likagawanywa kwa uchaguzi wa 2013.

Basi tunawaomba nini? Ukijaza fomu yoyote, andika jina la mtaa, wadi, eneo bunge na kaunti, hata kama nafasi ni ndogo, pinda karatasi uandike pembeni. Ongeza kitu kimoja kisichohama: shule, kanisa, msikiti, daraja. Baa usiandike, baa hubadilisha jina kila mwenyewe akibadilika. Mkinunua ploti, jina la mtaa analokutajia dalali liacheni, ombeni namba ya kipande cha ardhi mkaipeleleze ofisi ya ardhi. Mtoto mdogo afundishwe majina kamili ya mzazi, kwa sababu Mama Shiru wako elfu, afundishwe namba ya simu, na afundishwe mji pamoja na mtaa: Majengo Thika, si Majengo. Mkimpata mtoto aliyepotea, nendeni polisi, na simu ya watoto ni 116, haina malipo.

Sasa karatasi zinapita. Kila mmoja aandike jinsi ya kufika kwake kutoka hapa, bila kutaja jina la mtaa hata mara moja. Kisha abadilishane na mgeni wa meza nyingine, tuone nani angefika na nani angelala njiani. Wa Mwiki waanze, na watuambie ni Mwiki ipi.