Mvuvi wa Kojani na boti ya KMKM

Msikilizaji, vikosi vinapotajwa katika maendeleo ya vijijini, wengi hufikiria jembe. Tanzania Bara ina JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, tangu 1963. Zanzibar, mwaka 1977, ikaunda JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi, linalowafunza vijana kilimo na kazi za mikono.

Lakini Kojani jembe halitoshi. Ni kisiwa kidogo mashariki mwa Pemba, nyumba zimebanana, na uchumi wake uko majini. Wavuvi wake huenda dago, yaani kambi za uvuvi za mbali, miezi kadhaa, Unguja, Tanga, hata Kenya. Mtu wa namna hii anahitaji kikosi kinachoijua bahari.

Kikosi hicho kipo: KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Jina lake lenyewe ni la kuzuia magendo, na huko Pemba linakumbusha zaidi misako ya karafuu zinazovushwa usiku. Hata hivyo, Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba, waokoaji wa vikosi walitoka pamoja na wavuvi wa kawaida kuwatoa watu majini. Usiku ule mwenye sare na mwenye wavu walifanya kazi moja.

Naamini ushirikiano huo usingoje msiba. Boti ya uokozi iliyo tayari karibu na Kojani, na mafunzo ya JKU ya kutengeneza mashine za boti na kuhifadhi samaki, yangemgusa kijana wa Kojani kuliko shamba la mfano lililo ng'ambo ya mkondo. Kusi likivuma, mama aliyeko pwani huwa anaangalia bahari tu.