Kumtii Mungu Asiyetoa Sababu



Desturi inamtaka profesa mpya aueleze umma ni jambo gani limemshughulisha. Langu ni hili: Mkristo anawezaje kumtii Mungu asiyempa sababu, na utii huo unaishia wapi? Sikulichagua kwa utamu wake wa kifalsafa. Nimelichagua kwa kuwa watu wanafia hapo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwa mingi. Wengi walikufa kwa njaa, katika mfungo ulioaminiwa kuwa ungewafikisha kwa Yesu. Kabla ya hapo, tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada.

Baada ya misiba hiyo wengi walisema kwamba hayo ndiyo matunda ya imani isiyouliza maswali. Naelewa uchungu uliowafanya waseme hivyo, lakini siafiki. Waliofunga hadi kufa hawakuwa watu walioachwa bila maelezo. Walikuwa na maelezo tele: mwisho wa dunia umefika, na njia ya kuupita salama ni hii. Kilichowaua si kutojua makusudi ya Mungu. Kiliwaua kuamini kwamba yupo mtu anayeyajua yote kwa niaba yao. Hilo ndilo ninalotaka kulitetea jioni ya leo: anayekiri kwa dhati kwamba hajui sababu za Mungu ndiye mgumu kuliko wote kudanganywa na anayejidai kuzijua.

Nianzie mlima wa Moria, kwa maana kila mhubiri anayetaka kutiiwa bila kuulizwa hukimbilia huko. Kisa chenyewe, cha Abrahamu aliyeamriwa na Mungu amtoe mwanawe Isaka sadaka, kiko katika Mwanzo sura ya 22, nacho kina aya 19 tu. Mwandishi hatuambii Abrahamu alijisikiaje. Anatuonyesha mikono yake. Mzee anaamka alfajiri, anamtandika punda, anapasua kuni. Siku ya tatu anapaona mahali pale kwa mbali. Anawaacha vijana wake wawili na punda, kisha anagawa mizigo: kuni anamtwika mtoto, moto na kisu anavishika mwenyewe, yaani vile viwili vinavyoweza kumdhuru mtoto njiani. Isaka anauliza swali moja, kuhusu mwana-kondoo asiyeonekana. Baba anamjibu kwamba Mungu atajipatia. Baada ya hapo hawasemezani tena hadi madhabahuni.

Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1798 kuhusu ugomvi wa vitivo vya chuo kikuu, alisema Abrahamu angepaswa kuijibu ile sauti hivi: kwamba hatakiwi kumuua mwanawe ana hakika nalo, ila kwamba anayesema naye ni Mungu hana hakika. Hilo ni jibu zito, na mchungaji asilipuuze. Mwaka 1843 Søren Kierkegaard, akiwa na miaka 30, alitoa mjini Copenhagen kitabu chake cha Hofu na Kutetemeka, kwa jina la kubuni. Yeye aliona kwamba Abrahamu amevuka mahali ambapo maadili ya watu wote yanaweza kumfuata. Hawezi kumweleza Sara, wala mtumishi, wala Isaka. Lakini Kierkegaard hakuwa mjinga wa hatari yake. Ndani ya kitabu hichohicho anamchora mhubiri anayemsifu Abrahamu kanisani Jumapili, kisha anapata habari kwamba msikilizaji mmoja ameazimia kwenda kufanya vilevile kwa mwanawe. Mhubiri anamwendea mbio na kumkemea kwa ukali ambao hajapata kuutumia mimbarani. Sasa kati ya mahubiri yale na makemeo yale, lipi lilikuwa la kweli?

Wanafalsafa hawa wawili nawaheshimu sana, ila nadhani wote wameisoma sura ya 22 kana kwamba inasimama peke yake. Abrahamu aliondoka Harani akiwa na umri wa miaka 75. Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100. Katikati kuna miaka 25 ya kutembea na huyu Mungu: ahadi iliyochelewa, ahadi iliyochekwa, kisha mtoto mikononi. Sauti iliyomwita siku ile hakuwa anaisikia mara ya kwanza. Amri ya kutisha kuliko zote ilimjia mwisho wa safari, baada ya kumfahamu aliyemwamuru. Wahubiri wa siku hizi wameupindua mpangilio huo. Mtu ameokoka mwezi uliopita, hajamaliza kuisoma hata Injili moja, naye anaambiwa auze kiwanja, amwache mumewe, aache insulini. Akiuliza, anasomewa habari za Abrahamu.

Tena Abrahamu huyuhuyu alikuwa mtu wa kuuliza. Katika sura ya 18, alipoambiwa habari za Sodoma, alisimama mbele ya Mungu akapunguza hesabu kama mtu aliye sokoni: wenye haki 50, kisha 45, 40, 30, 20, hadi 10. Alithubutu kumuuliza Hakimu wa dunia yote kama hatatenda haki. Wala Mungu hakumkemea kwa kumwombea jirani. Kwa hiyo atakayesema kwamba baba wa imani hakuuliza, amerarua kurasa.

Hapa niseme kidogo juu ya majirani zetu. Waislamu hukikumbuka kisa hiki kila mwaka katika Idi ya Kuchinja, na wengi wao husema mtoto yule ni Ismaili. Katika Sura ya As-Saffat baba anamsimulia mwanawe ndoto aliyoiota na kumtaka rai yake, na mtoto anaridhia. Isaka wa kitabu cha Mwanzo haulizwi. Kila nikizisoma simulizi hizi mbili pamoja, swali la yule mtoto kuhusu mwana-kondoo huniuma zaidi. Lakini zote mbili zinaishia pamoja: mtoto anabaki hai, na anayechinjwa ni mnyama.

Huko kuishia ndiko kunakosahauliwa. Abrahamu hakusikia sauti mara moja tu. Ya kwanza ilimwambia apande, ya pili ikamzuia mkono. Utii wake ulikamilika kwa kukitua kisu, si kwa kukinyanyua. Na baadaye, kwa kinywa cha Yeremia, Mungu akasema juu ya watu waliowachoma watoto wao katika bonde la Hinomu kwamba jambo hilo hakuliagiza wala halikuingia moyoni mwake. Nalisema bila kumung'unya: Moria ilipandwa mara moja, na njia yake imefungwa. Hakuna mchungaji, nabii wala mtume aliyepewa ufunguo wake. Akitokea mtu akakuambia kwamba Mungu anamtaka mtoto wako afe njaa, huhitaji kusali ili upate kibali cha kumkatalia. Mungu alikwisha kusema.

Basi kutii bila sababu kunabaki wapi? Kunabaki pale ambapo wengi wetu tunaishi, na Moria haipo karibu. Mkristo kwa kawaida hakosi kujua alichoamriwa. Mlishe mwenye njaa, mtembelee mfungwa, msamehe aliyekukosea, usiibe: hayo hayana fumbo. Asichokijua ni kwa nini kuyafuata kumemgharimu hivi, na kwa nini yaliyompata yamempata. Mfikirieni mama anayemlea mtoto mwenye selimundu. Usiku wa manane mtoto analia miguu. Mama anaamka, anamkanda kwa maji ya vuguvugu, anamnywesha maji kidogo kidogo, anahesabu vidonge vilivyobaki, anaisubiri asubuhi ampeleke hospitali. Kwa nini yeye, kwa nini mtoto huyu na si wa jirani, hajui. La kufanya analijua lote. Huo ndio utii ninaousema, na sioni upofu wowote ndani yake.

Kitabu cha Ayubu kimeandikwa kwa ajili ya mama huyu. Muundo wake ni wa ajabu. Msomaji anaambiwa sababu tangu sura mbili za kwanza: kikao cha mbinguni, Shetani, na swali kama kuna mtu anayemcha Mungu bure, pasipo malipo. Ayubu haambiwi. Sura 42 zinakwisha bila yeye kuambiwa. Mungu anapojibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, hazungumzii kile kikao hata kidogo. Anauliza maswali: misingi ya dunia, milango ya bahari, theluji, mbuzi wa mwambani wanavyozaa, farasi wa vita, tai na kiota chake. Wapo wasomi wanaoona Mungu anamtisha tu mtu aliyekwisha kuumia. Mimi naona jambo lingine. Wanyama wale karibu wote hawana faida kwa mwanadamu; Mungu anawajua na kuwalisha mahali ambapo hakuna mtu anayewaona. Ayubu anaonyeshwa kwamba kuna utunzaji mpana kuliko hesabu ya thawabu na adhabu ambayo yeye na rafiki zake walikuwa wakiigombania. Hakupewa sababu, ila alimwona aliyemtafuta, na asema hivyo mwenyewe.

Rafiki zake je? Elifazi, Bildadi na Sofari walikuja, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hilo lilikuwa tendo lao bora. Kisha wakaanza kueleza. Walikuwa na maelezo ya kila kitu, na maelezo yao yalikuwa ya kidini kabisa: Mungu ni mwenye haki, kwa hiyo mwenye kuteseka ametenda dhambi. Mwisho wa kitabu hasira ya Mungu inawaka juu yao, si juu ya Ayubu aliyelalamika, aliyedai kesi, aliyelaani siku ya kuzaliwa kwake. Yeye ndiye aliyesema yaliyo sawa. Nayahesabu maneno hayo kuwa hukumu kali kuliko zote katika Biblia dhidi ya watu wa kazi yangu.

Tazameni basi misiba yetu. Chini ya turubai, wanawake wameketi kwenye mikeka, daftari la rambirambi linazungushwa, na mtu anasimama kusema kwamba Mungu amelichuma ua alilolipenda, au kwamba mtoto amechukuliwa ili wazazi wamrudie Bwana. Nani alimwambia? Tunaposema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, tunaweza kuwa tunamkabidhi Mungu tusilolijua, na hiyo ni imani. Tunaweza pia kuwa tunamziba mama mdomo. Tofauti iko kwa msemaji: je, ataendelea kukaa pale mama akianza kupiga kelele?

Ukanda wa pwani ya Kenya, ulipo msitu wa Shakahola nilioutaja, una makaburi mengine. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alihamia Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina. Mwezi Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi Julai Rosina akajifungua, na siku chache baadaye akafa kwa homa. Mtoto wao wa kike akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Aliwaandikia waliomtuma kwamba ushindi wa kanisa hupita juu ya makaburi ya watu wake. Simlaumu, maana kila mfiwa hutafuta maana, lakini mimi huguswa zaidi na alichokifanya kuliko alichokiandika: alirudi kwenye tafsiri yake. Mwenzake Johannes Rebmann aliyefika mwaka 1846 alikaa hadi 1875, akaondoka Rabai, walikofanyia kazi, akiwa kipofu, na waumini aliowapata katika miaka hiyo walikuwa wachache sana. Rabai na Shakahola zote ziko kaunti ya Kilifi. Utii wa Krapf na Rebmann uliwagharimu wenyewe na jamaa zao, nao uliacha kamusi, tafsiri na watu walio hai.

Na Kristo mwenyewe, katika bustani ya Gethsemane, aliomba kikombe kimwondokee, akaomba tena, na Injili haimwandiki Baba akieleza kwa nini haiwezekani. Msalabani aliuliza kwa sauti kuu kwa nini ameachwa. Aliyetii kuliko wote alikufa na swali kinywani. Kwa hiyo Mkristo anayeuliza hajatoka katika utii. Yuko katikati yake.

Ninalo ombi kwa wenye vyuo vya Biblia na vya uchungaji, wakubwa kwa wadogo, hata vile vinavyosomesha watu chini ya mwembe. Fundisheni Mwanzo 18 kabla ya kufundisha Mwanzo 22. Fundisheni kitabu cha Ayubu kizima, msirukie sura ya mwisho yenye kondoo na ngamia wengi. Isomeni Zaburi ya 88 ibadani, zaburi inayokwisha gizani bila jibu wala shukrani, na msiongeze lolote baada yake. Mwanafunzi asipewe cheti cha uchungaji mpaka ameketi na wafiwa usiku mzima bila kuhubiri. Na ninyi waumini, mtu akiwatajia sababu za Mungu ambazo Mungu mwenyewe hakuziandika popote, muulizeni amezipata wapi. Akikasirika, chukueni watoto wenu mwende nyumbani.