Kiporo cha Saa Nane Usiku: Kumjenga Upya Mtu Anayepona Ulaji Usiozuilika



Waganga, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliotoka Ngara na Biharamulo, naomba nianzie jikoni kwa mama mmoja ambaye sitamtaja jina wala kijiji. Ni saa nane usiku, nyumba nzima imelala. Anaingia bila kuwasha taa na kufunua sufuria ya kiporo, ugali wa muhogo uliopoa na maharage yaliyogandia pembeni. Kijiko hatumii, kisije kikagonga sufuria mtoto akaamka. Anakula amesimama, haraka, mpaka unabaki ukoko, na ukoko wenyewe anaukwangua kwa kucha. Kisha anahamia kwenye mkate wa watoto wa kwenda nao shule. Asubuhi anasema ni panya. Kituoni alikuja kwa sababu ya presha na miguu kuvimba. Habari ya sufuria aliitoa safari ya nne.

Kijijini tuna neno moja la haraka kwa mtu kama huyu: mlafi. Neno hilo ndilo lililomchelewesha safari tatu. Mlafi hufurahia chakula chake, tena mbele za watu. Huyu hafurahii. Anakula chakula kingi kwa muda mfupi, anajiona hawezi kusimama hata akitaka, anakula peke yake kwa aibu, na akimaliza anajichukia. Hali hiyo ikimrudia walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, bila kujitapisha, tuna ugonjwa wa ulaji usiozuilika mbele yetu. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliutambua kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani likauweka kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika 2022. Anayeshiba kupita kiasi kwenye harusi au sikukuu ya Krismasi hayumo humu, mwacheni alale.

Najua kuna watakaouliza kwa nini tunazungumzia kula sana katika mkoa wetu, ambao utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulikuta watoto zaidi ya 4 kati ya 10 wamedumaa. Utafiti huohuo ulikuta wanawake 28 kati ya 100 nchini wana uzito uliozidi. Mambo haya mawili yanakaa nyumba moja, wakati mwingine katika mwili mmoja. Njaa na ulaji usiozuilika ni ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya kwa miezi sita, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu waliokuwa na njaa ya vita. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula mpaka wakaumwa, na bado wakasema hawajashiba. Hawakuwa walafi kabla ya hapo. Mwili uliokwisha kunyimwa hauamini tena kwamba kesho kutakuwa na chakula.

Sasa turudi kwetu. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, na kambi yao ya Benaco ikageuka mji. Kuna watu wazima leo, pande zote za mpaka, waliokulia kwenye mgawo: siku ya kupokea wanakula, siku za mwisho wanahesabu punje. Wenyeji nao wana miezi yao ya kusubiri mavuno. Halafu kuna watu wa barabarani, dereva wa lori anayeshinda na soda toka asubuhi akingoja foleni ya mpakani, akifika Benaco au Nyakanazi usiku anaagiza chipsi mayai mbili na nyama ya kuchoma, na bia juu yake. Siku nzima ya kujinyima, usiku mmoja wa kulipiza. Yule mama naye alikuwa hivyohivyo: akiamka na aibu ya usiku alijiadhibu kwa chai ya rangi mpaka jioni, na kwa adhabu hiyo akawa ameutayarisha usiku unaofuata.

Ndiyo maana nasema, na hapa najua nitabishana na baadhi yenu, kwamba ushauri wa kwanza tunaoutoa kwa mtu mnene, "punguza kula", kwa mgonjwa huyu ndio unaomwangusha. Aanze kwa kula. Njia aliyoijenga Christopher Fairburn wa Oxford, ambayo imepimwa sana, inaanzia hapo: milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu, asikae zaidi ya saa tatu au nne bila kutia kitu mdomoni, awe na hamu au asiwe nayo. Hatuhitaji duka la mjini kwa hili. Uji asubuhi, kiazi kitamu au karanga saa nne, ndizi na maharage mchana pamoja na mchicha au majani ya maboga, parachichi alasiri, ugali na dagaa jioni. Chai ya rangi isogezwe mbali na mlo, kwa sababu inazuia mwili kuchukua madini ya chuma, na msishangae kumkuta mtu wa kilo 90 ana upungufu wa damu.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide asibadilishiwe ratiba ya mlo bila mganga kuangalia dozi. Wanaotumia dawa za akili au prednisolone waulizwe hamu ya kula ilianza lini. Na wanaotumia ARV zenye dolutegravir, tulizoanza kuzitoa mwaka 2019, baadhi huongezeka uzito. Waambieni waje tuzungumze, wasiache dawa.

Mizani tunaisifu kupita kazi yake. Mgonjwa aipande mara moja kwa wiki, basi. Chombo chenye faida zaidi ni daftari la kurasa 40. Mama yule alilichora safu nne: saa, alichokula, alipokuwa, na kilichokuwa moyoni. Ukurasa mmoja wa wiki ya kwanza, kwa ruhusa yake: "Saa 2 asubuhi, hakuna. Saa 7, chai na nusu andazi, shambani. Saa 8 usiku, kiporo chote, mkate, sukari kijiko, jikoni, mume hajapiga simu." Safu ya nne ndiyo iliyofungua mazungumzo. Kufikia wiki ya sita usiku wa kiporo ulishuka kutoka mara tano hadi mara moja. Usingizi ulirudi kabla ya kitu kingine chochote, presha ikafuata. Meno mawili yaliyooza yaling'olewa. Alikuwa anatafuna upande mmoja kwa mwaka mzima na hakuna aliyemwangalia mdomoni, mimi nikiwemo. Kulima kama mazoezi hakuna aliyempangia: jembe ameshika toka utotoni, na akigeuziwa jembe kuwa adhabu ya tumbo atalichukia.

Padri, mchungaji na shehe wana nafasi yao. Maana nimeona mfungo wa Kwaresima ukitumika kama pazia la kujinyima, na waumini wakampongeza mhusika.

Jambo lililonisumbua sikulipata kitabuni. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, enzi ambazo ugonjwa huo uliitwa Juliana, kwa jina la vazi la fasheni. Tuliokua miaka ile tulijifunza kusoma mashavu na mabega ya watu. Kunenepa kulikuwa cheti cha uzima. Mama yule alipopungua kilo saba, jirani alimuuliza mwanawe kisimani: "Mama yako amekonda, kuna nini?" Wiki ile ukurasa wa daftari una usiku wa kiporo mara nne, na kwenye safu ya nne ameandika neno moja: "wamesema."

Sikuwa na jibu la kumpa. Mtu wa aina hii afundishwe kusema nini mbele ya wanakijiji, na mhudumu wa kijiji aseme nini kwa niaba yake bila kutoa siri? Naomba vikundi vya Ngara na vya Biharamulo, tutakapogawanyika baada ya chai, vianzie hapo.