Sumu ya Mshale na Dawa ya Moyo

Mhadhara wa umma uliotolewa Bankstown, Sydney



Mji huu tulimokutana leo ulipewa jina lake mwaka 1797 na Gavana John Hunter, kwa kumtukuza Sir Joseph Banks, mwanachuoni wa mimea aliyefika pwani ya nchi hii mwaka 1770 katika merikebu ya Kapteni James Cook, na ambaye, yeye na mwenziwe Daniel Solander, walichuma katika ghuba iliyo jirani nasi mimea mingi na migeni kwao, hata ghuba ile ikaitwa kwa jina la elimu yao hadi hivi leo. Nchi ilikuwa na wenyewe, Wadharug na jirani zao, waliokuwa wakiyajua majani na magome yake tangu enzi zisizohesabika; lakini jina lililobaki juu ya ramani ni la yule aliyechuma na kuandika, wala si la wale waliojua kabla yake. Habari nitakayowaletea inatoka pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, nayo ina umbo lilo hilo: watu walioujua mti, mgeni aliyeuandika, na kazi ndefu ya maabara iliyokuja baadaye. Nataka kuonyesha kwamba wote watatu walikuwa wakitafuta jambo moja, nalo ni kipimo. Na kwamba pale kipimo kilipokosekana, hata nia njema haikuwafaa wagonjwa.

Uko ukoo mmoja wa mimea, ambao wataalamu huuita Apocynaceae, na wengi wa jamaa zake hutoa utomvu mweupe ukivunja jani au kukata tawi. Ndani yake umo msunguti, ambao Wagiriama, Wakamba na Wawaata wa bara ya Malindi na Tsavo waliuchemsha magome na vijiti vyake kwa saa nyingi mpaka ukawa uji mweusi mzito, wakaupaka mishale yao, na kwa mishale hiyo wakaangusha ndovu. Umo pia mtambaa wa bonde la Zambezi na mto Shire uitwao kombe, ambao mbegu zake zilifanya kazi iyo hiyo mikononi mwa wawindaji wa huko. Wasomaji wa siku za nyuma walipenda kuyaandika mambo haya kama ushenzi wa porini; mimi niliyezeeka katika maabara nayaona kuwa ni elimu ya dawa iliyo kamili katika sehemu yake. Hebu tazameni jinsi sumu ilivyopimwa. Wamesimulia walioishi na wawindaji wale kwamba fundi alikuwa akijichanja mkono kidogo, akaiacha damu itiririke kuteremka, kisha akaigusisha sumu kwenye ncha ya chini ya mtiririko, mbali na jeraha, akatazama weusi ukipanda juu kuifuata damu. Na kwa wepesi wa kupanda kwake akajua kama sumu ni kali au imechakaa, akaupangusa mkono kabla weusi haujafika jerahani. Huku ni kulinganisha, ni kutazama kwa makini, na ni kukataa kutoka kwenda porini na kitu ambacho nguvu zake hazijulikani. Tena walijua kwamba nyama ya mnyama aliyeanguka huliwa pasi na madhara, ikiwa sehemu ya jeraha imekatwa na kutupwa. Jambo ambalo sisi tumelieleza kwa maneno mengine, tukisema kwamba kiini cha msunguti hakipenyi kwa urahisi kutoka tumboni kwenda katika damu.

Mwaka 1858 daktari mmoja Mskoti, John Kirk, alisafiri na David Livingstone kwenda Zambezi, akiwa tabibu na mchumaji wa mimea wa msafara. Miongoni mwa vitu alivyovikusanya ilikuwa sumu ya kombe, na kwa uzembe wa safari sumu ile ikawekwa mahali pamoja na mswaki wake. Asubuhi moja alipopiga mswaki alisikia uchungu usio wa kawaida mdomoni. Na kwa kuwa siku hizo alikuwa hajisikii vizuri, na mapigo ya moyo wake yalikuwa yakienda mbio, akaona mapigo yale yamepungua kasi. Mtu mwingine angesukutua akasahau. Kirk alilishika jambo lile, akaliandika, na sumu ikafika Edinburgh kwa Thomas Fraser, aliyekitenga kiini chake akakiita strofanthini, na mwaka 1885 akawaeleza matabibu wa Uingereza kwamba sumu ya mshale wa Afrika huutia nguvu moyo uliochoka. Huyu Kirk ndiye yule yule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja, ambaye mwaka 1873 alitia mkono pamoja na Seyyid Barghash katika mkataba wa kufunga soko la watumwa. Na jina lake limebaki hata katika jina la kitaalamu la kima punju wa Jozani. Jina la mwindaji aliyempa sumu halikuandikwa popote. Nalisema hili kwa huzuni, maana sayansi isiyotaja mwalimu wake wa kwanza imepungukiwa na adabu, na kwa kupungukiwa na adabu hupungukiwa pia na habari: yule mwalimu alijua mti huchumwa msimu gani, na mti gani unaofanana nao haufai.

Kiini cha msunguti, uabaini, kilitengwa na Mfaransa Arnaud mwaka 1888, na kwa muda mrefu kilitumika bila mtu kujua kinafanya nini mwilini. Jawabu lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1957 huko Aarhus, Denmark, Jens Skou, akichunguza neva za kaa wa ufukweni, aligundua katika ngozi ya chembe hai pampu ndogo ambayo hutoa nje sodiamu tatu na kuingiza ndani potasiamu mbili, usiku na mchana, tangu mtoto yumo tumboni mwa mamaye hadi pumzi ya mwisho. Na uthibitisho kwamba kazi ile ni ya pampu hiyo ulitokana na uabaini, kwa sababu uabaini huifunga. Skou alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997. Basi sumu ile ile iliyoangusha ndovu wa Tsavo ndiyo iliyokuwa ufunguo wa kuijua pampu inayotuweka hai sote tulio ukumbini humu. Pampu ikifungwa kidogo katika misuli ya moyo, sodiamu huongezeka ndani, nayo huizuia kalisi isitoke, na kalisi iliyobaki huufanya moyo ubane kwa nguvu zaidi. Ikifungwa zaidi ya hapo, mapigo huvurugika, kisha moyo husimama. Baina ya hali mbili hizo pana nafasi nyembamba mno, na nafasi hiyo ndiyo dawa.

Mwenye kuifahamu nafasi hiyo mapema alikuwa William Withering, tabibu wa Birmingham, ambaye mwaka 1775 aliulizwa rai yake juu ya dawa ya siri ya bibi mmoja wa Shropshire, iliyokuwa mchanganyiko wa mimea ishirini au zaidi, na iliyoponya uvimbe wa mwili ilhali madaktari wameshindwa. Withering alitambua kwamba mmea wenye kufanya kazi katika mchanganyiko ule ni mmoja tu, ule uitwao digitalis. Kisha akakaa miaka kumi akiwapa wagonjwa, akipunguza na kuzidisha, na mwaka 1785 akachapisha habari za wagonjwa zaidi ya 150, akiwamo aliyepona na aliyetapika na aliyekufa, bila kuwachagua wale wa kumpamba yeye. Kitabu kile nakithamini kuliko vingi vilivyokuja baadaye, kwa ajili ya wale waliokufa waliomo ndani yake. Kutoka mmea wa jamii moja na huo tumepata digoksini, ambayo ni ndugu wa karibu wa uabaini kwa kazi yake, na ambayo baadhi ya wazee wetu wanaimeza hapa Bankstown. Kidonge chake kidogo kina mikrogramu 62.5: vidonge kumi na sita vya namna hiyo ndivyo vitimizavyo miligramu moja. Nani awezaye kupima kadiri hiyo kwa kiganja cha majani?

Katika ukoo ule ule wa msunguti umo mmea ambao jina lake lilivuma kuliko yote katika maisha yetu. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Mzee Ambilikile Mwasapile, alichemsha mizizi ya mugariga, akamnywesha kila ajaye kikombe kimoja kwa shilingi 500, na watu kwa maelfu, kutoka Tanzania yote na Kenya na ng'ambo, wakalala barabarani siku kadhaa kungoja zamu. Mzee yule hakutajirika kwa bei ile, wala siwezi kuwalaumu waliokwenda, kwa sababu mgonjwa wa maradhi yasiyo na tiba hana anasa ya kungoja. Lakini waliokunywa hawakuandikwa. Hapakuwa na mtu aliyekaa mlangoni akaandika jina, ugonjwa na hali ya mtu siku ile, kisha akamfuata baada ya miezi mitatu. Na baadhi ya waliokuwa wakimeza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi waliziacha, wakaja kurejea hospitali wamedhoofu. Fursa ile ya kujua ilipita mbele ya macho yetu. Na jambo linalonitisha zaidi, nikiwa mtu wa fani hii, ni kwamba mugariga na msunguti ni jamaa wanaofanana kwa majani na kwa matunda, hata watu wamepata kuyala matunda ya msunguti wakidhani ni ya mugariga. Ikiwa maelfu wanataka mizizi kwa pamoja, na wachimbaji ni wengi na wana haraka, ni nani aliyeusimamia mzizi mmoja mmoja?

Linganisheni na ndugu mwingine wa ukoo huu, ua la waridi-zambarau la Madagaska linalooteshwa mbele ya nyumba nyingi za Mombasa na Dar es Salaam kwa ajili ya uzuri wake. Watu wa Jamaika walikunywa majani yake kwa ugonjwa wa kisukari, na majani hayo yakapelekwa Kanada kwa Robert Noble. Kisukari hakikushuka; walakini Noble, kwa kuwa alikuwa akihesabu kila kitu, aliona chembe nyeupe za damu za wanyama wake zimepungua, akafuata njia hiyo badala ya ile aliyotumwa, na mwaka 1958 yeye na Charles Beer wakatangaza vinblastini, dawa ya saratani. Baada yake ikaja vinkristini. Mwaka huo huo wa 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda; na vinkristini ikawa miongoni mwa dawa zilizowapa wengi wa watoto hao maisha. Jani lilisifiwa kwa ugonjwa mmoja, na kipimo kikalipeleka kwenye mwingine.

Jirani zetu Wavietinamu, ambao maduka yao ya mitishamba yamejipanga hapa Saigon Place, wana sehemu yao katika elimu hii, kwa kuwa ni kwa ajili ya malaria iliyowaua askari wa Vietinamu ya Kaskazini ndipo China ilipoanzisha mradi wa siri mwezi Mei 1967. Tu Youyou, mtafiti wa mradi huo, alipouchemsha mmea wa artemisia hakupata kitu cha kutegemewa. Akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong cha karne ya nne, akaona kwamba mmea huloweshwa katika maji na kukamuliwa, wala hautajwi moto. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto lililo chini ya joto la mwili, na dawa ikatoka. Dawa mseto wanayopewa watoto wetu kuanzia Kigoma mpaka Lamu imetoka katika ukamuaji ule.

Nirejee sasa nyumbani, yaani katika mtaa huu. Chukueni chupa yoyote ya mitishamba katika duka la dawa la Bankstown, muigeuze, mtafute maandishi madogo: mtaona AUST R au AUST L. Ya kwanza ina maana kwamba serikali imeukagua ushahidi wa usalama na wa kufaa kwa dawa hiyo kabla haijauzwa. Ya pili ina maana kwamba viungo vyake vimo katika orodha ya vile vyenye hatari ndogo, na kwamba mwenye kuuza ameahidi kuwa anao ushahidi wa anayoyasema, lakini ushahidi huo haukukaguliwa kwanza. Na ile chupa iliyokuja katika sanduku la mgeni kutoka Unguja au Bukavu haina alama yoyote, nasi tunaipokea kwa mapenzi.

Mfano mmoja utanitosha, kwa kuwa unatokea kila Ramadhani. Katika maduka ya Waarabu hapa mjini huuzwa sharubati nyeusi ya mizizi ya sus, tamu na baridi, ambayo aliyefunga huitamani wakati wa kufuturu. Mizizi hiyo ikinywewa kwa wingi siku baada ya siku, huyafanya mafigo yatoe potasiamu. Mzee mwenye moyo dhaifu aghalabu ameandikiwa dawa ya kukojoza, nayo pia hutoa potasiamu. Na digoksini, kama uabaini wa msunguti, hushindana na potasiamu kwa mahali pamoja katika ile pampu ya Skou. Potasiamu ikipungua, digoksini huishika pampu kwa nguvu zaidi, na kidonge kile kile kilichomfaa mwezi wa Shaabani humfikisha hospitali kabla ya Idi, akitapika, akiona vitu kwa rangi ya manjano, na mapigo ya moyo yamepotea mpangilio. Hakuzidisha dawa hata chembe. Alikunywa sharubati, na hakuna aliyemuuliza anakunywa nini.

Basi ulizaneni, na msiposikia mkiulizwa, semeni wenyewe. Katika nchi hii daktari wako anaweza kumwandikia mfamasia aje nyumbani, akae nawe mezani, aangalie kila kidonge, kila chupa na kila kifurushi cha majani, na huduma hiyo hulipiwa na serikali. Ikiwa lugha ndiyo kizuizi, mkalimani wa Kiswahili huombwa kwa simu katika nambari 131 450, na duka la dawa linaweza kumwita bila ya wewe kulipa. Siku atakapokuja mfamasia, mtoleeni vyote, pamoja na vile mlivyoletewa na mama.