"Mpeni mwenzetu!" Vijana wa Singida, mwenzetu nani?

(Maneno ya mwandishi wetu wa kujitegemea kwa vijana wa kijiweni, Singida mjini)



Naanza na aibu yangu mwenyewe. Katika kampeni moja nilipanda gari la matangazo, nikapewa fulana na hela ya chai. Tukazunguka vijijini tukipiga kelele: "Mpeni mwenzetu!" Bibi mmoja akatusimamisha barabarani. "Wajukuu zangu, huyo mwenzenu atatuletea nini?" Tukacheka, tukaondoa gari. Jibu hatukuwa nalo.

Sasa sikilizeni mchezo huu unavyochezwa. Mgombea asiye na sera anakwambia kuna sisi na kuna wao. Hapo swali limeshageuka: huulizi tena amefanya nini, unauliza ni wa wapi na anasali wapi. Halafu anakunong'oneza: "Wenzenu wale wanapigiana kura wao kwa wao." Hata wewe usiye na ukabila unaingiwa na hofu ya kuachwa, nawe unampa wa kwenu. Na wale wakisikia, wanafanya hivyo hivyo. Uongo unazaa ukweli wake!

Mchezo wa pili ni kubandika jina. Mwaka 1995 Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi aliitwa mgombea wa Wachaga. Akapata kura zaidi ya milioni 1.8, karibu asilimia 28. Mkoa mzima wa Kilimanjaro, kwa sensa ya 1988, ulikuwa na watu kama milioni 1.1, vitoto vya mgongoni vikiwemo. Kura nyingine alipigiwa na nani? CUF ikaitwa ya Waislamu. CHADEMA ikaitwa ya Wachaga, lakini mwaka 2010 Singida Mashariki ilimchagua Tundu Lissu wa CHADEMA, na 2015 ikarudia. Wachaga wa Ikungi ni wangapi?

Mtasema Lissu naye ni mzaliwa wa Ikungi. Kweli. Kwa hiyo tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa: wapinzani nao wakija na wimbo wa "mtoto wa nyumbani", waulizwe kama wengine.

Katiba yetu, ibara ya 20, inakataza kusajili chama cha dini, kabila au eneo. Lakini sheria inakagua makaratasi ya chama. Manong'ono ya usiku haiyakagui. Jirani zetu Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, walizika watu zaidi ya 1,100. Wengi wa waliokufa walikuwa walalahoi kama sisi.

Msimu wa 2023 bei ya alizeti iliporomoka. Iliporomoka kwa Mnyaturu, kwa Mnyiramba na kwa Mgogo. Mnunuzi hakuuliza gunia limetoka ukoo gani.

Basi akija wa chama chochote na "mwenzetu" wake, muulizeni: alizeti utaifanyaje? Maji? Kazi kwa vijana waliomaliza shule? Akianza kutaja babu yake, mmeshamjua.

Mimi yule bibi sijamjibu mpaka leo. Ninyi msipande gari kabla hamjapata jibu lake.